Mtu-Nondo Kabatini: Jumba la Makumbusho kama Fanani wa Kisakale

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kutofautisha ngano na kisakale. Ngano hufunguliwa kwa fomyula, hutendeka zamani zisizojulikana na mahali pasipotajwa, na hadhira haidaiwi kuiamini. Kisakale, kinyume chake, hudai ukweli. Kina mahali, kina majina, na aghalabu kina kithibitisho kinachoweza kuguswa kwa mkono. Anayesimulia habari za Lwanda Magere miongoni mwa Waluo anaweza kumwonyesha msikilizaji jiwe linaloaminiwa kuwa mwili wa shujaa huyo.

Makala hii inanuia kuchunguza dai hilo la ukweli hufanywaje kisakale kinapotoka kinywani mwa msimulizi na kuingia katika makabati ya vioo. Mfano wetu ni jumba dogo la makumbusho katika mji wa Point Pleasant, jimbo la West Virginia, Marekani, ambalo limetengewa kiumbe mmoja tu: Mothman, yaani Mtu-Nondo. Baadaye tutamlinganisha na kiumbe mwingine mwenye mabawa aliye karibu nasi zaidi, Popobawa wa Zanzibar.

Kisa Chenyewe

Usiku wa tarehe 15 Novemba 1966, vijana wanne, wake kwa waume, walikuwa wakipita kwa gari karibu na eneo ambalo baruti ilitengenezwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Maghala ya saruji yaliyojengwa mfano wa vichuguu yalikuwa yamebaki humo, yamezungukwa na msitu. Vijana hao walidai kuona umbo refu la kijivu mithili ya mtu, lenye mabawa na macho mekundu yaliyong'aa, nalo likalifuata gari lao kwa kasi. Kesho yake gazeti la mji lilichapisha habari hiyo, na kwa muda wa miezi kumi na mitatu watu wengine wengi walisema wamemwona.

Jina Mothman halikutoka kwa mashahidi bali kwa magazeti. Mashahidi walizungumzia mtu mwenye mabawa, au ndege mkubwa. Jambo hili lapaswa kutuzindua: kiumbe huanza kuishi anapopewa jina, na mara nyingi anayempa jina si yule aliyemwona. Mtaalamu mmoja wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha West Virginia alieleza kwamba yamkini lilikuwa korongo aliyepotea njia. Ndege huyo ni mrefu, ana mabawa mapana na ngozi nyekundu karibu na macho. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, lakini hayakukiua kisa. Korongo hana hadithi; Mtu-Nondo anayo.

Ndani ya Jumba

Jumba hilo lilianzishwa katika muongo wa kwanza wa karne hii na mwenyeji wa mji, Jeff Wamsley. Anayelizuru hukuta vitu vya aina tatu. Kwanza, kuna vipande vya magazeti ya miaka ya 1966 na 1967 pamoja na maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa kwa mkono. Pili, kuna mavazi na vifaa vilivyotumiwa katika filamu ya mwaka 2002 iliyotokana na kitabu cha John Keel, The Mothman Prophecies, cha mwaka 1975. Tatu, kuna bidhaa za kuuza: fulana, vikombe na vinyago. Mjini humo pia husimama sanamu ya chuma ya kiumbe huyo, iliyozinduliwa mwaka 2003, na kila Septemba mji hufurika wageni wa tamasha lililoasisiwa mwaka 2002.

Tukilichukulia jumba hili kama fanani, tutaona mbinu zake waziwazi. Ushahidi wa mwaka 1966 na mapambo ya filamu ya mwaka 2002 hukaa chini ya paa moja. Mgeni hutoka kabati hadi kabati bila kutambua kwamba amevuka kutoka ushuhuda hadi ubunifu. Hivyo ndivyo msimulizi hodari afanyavyo: huanza kwa kutaja mtaa na jina la jirani, kisha akatia chumvi mahali ambapo msikilizaji amekwisha kumwamini. Tofauti ni kwamba fanani wa kawaida anaweza kukatizwa na hadhira na kuulizwa swali. Kabati la kioo haliulizwi.

Daraja na Uzito wa Kisa

Kiini cha kisa hiki, hata hivyo, si kiumbe. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, barabara zikiwa zimejaa magari ya watu waliotoka kazini na madukani kuelekea Krismasi, Daraja la Silver lililovuka Mto Ohio liliporomoka. Watu 46 walikufa. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928 na lilining'inizwa kwa minyororo ya pau za chuma, kila pingili ikiwa na pau mbili tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba pau moja ilikuwa na ufa wa kina cha takribani milimita 2.5, uliokua polepole kwa miaka mingi ndani ya kiungo ambamo jicho la mkaguzi halikuweza kufika. Pau ilipokatika, daraja zima lilifuata. Maafa hayo yalisababisha Marekani kutunga sheria ya ukaguzi wa madaraja mwaka 1968.

Baada ya maafa, watu walianza kusema kwamba Mtu-Nondo alikuja kuonya, au kwamba ndiye aliyeleta msiba. Kitabu cha Keel kiliyafunga matukio hayo mawili pamoja, na hayajafunguka tena. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ufa wa milimita 2.5 ni jibu sahihi, lakini ni jibu dogo mno kwa mtu aliyezika mkewe na wanawe. Kisakale humpa mfiwa sababu inayolingana na ukubwa wa msiba wake.

Popobawa: Mfano wa Karibu

Jina Popobawa ni unganisho la nomino mbili, popo na bawa. Simulizi za Pemba humhusisha na miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Hofu kubwa zaidi ilizuka mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, ikaenea hadi Unguja na Dar es Salaam. Ilisemekana kwamba hushambulia watu usiku vitandani mwao, na kwamba aliyeshambuliwa sharti awasimulie wengine, la sivyo atarudiwa. Hapa kisakale kimebeba ndani yake amri ya kusimuliwa. Familia zililala nje, zikikesha pamoja kando ya moto. Mwaka huohuo, mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na umati Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa.

Viumbe hawa wawili wana mabawa, huja usiku, na hutokea jamii inapokuwa na wasiwasi. Lakini mmoja amefugwa: anauzwa kwenye vikombe na watoto hupigwa picha miguuni pa sanamu yake. Mwingine bado hutajwa kwa tahadhari.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili tunapokwenda nyanjani kukusanya visakale, tuna hatari ya kufanya kazi ya kabati: kumhifadhi kiumbe na kuiacha hofu iliyomzaa. Rekodi ya Popobawa isiyotaja mwaka 1995, uchaguzi na mtu aliyeuawa ni ganda tupu, sawa na fulana ya Mtu-Nondo isiyotaja watu 46. Mkusanyaji na aulize nani aliona, nani alitoa jina, na nani alikuwa akiomboleza. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kazi yetu ni kubainisha lililopo ni lipi.

Maswali ya Mjadala

1. Je, jumba la makumbusho ni fanani, au ni kumbukumbu ya ufanani? Tetea jibu lako.
2. Chagua kisakale kimoja cha jamii yako, kisha ueleze kithibitisho chake na msiba au hofu kinayoibeba.
3. Kamusi huipa nomino nondo maana za mdudu, joka la hadithini na fimbo ya chuma. Jadili maana hizo zinavyoathiri tafsiri ya jina Mothman kwa Kiswahili.