SOMO: JE, CHAMA KILIPIE INTANETI YENYE KASI ZAIDI?



Swali hili sasa linaletwa katika vikao vya bodi, kuanzia Katesh hadi Balangdalalu. Muuzaji wa intaneti anaeleza kwamba chama kikiongeza fedha kidogo kila mwezi kitapata kasi maradufu. Tangu taarifa za vyama zianze kuingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), na mbaazi kunadiwa kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), intaneti si anasa tena, bali ni chombo cha kazi kama mizani. Lakini mizani nayo hainunuliwi kabla ya kuujua mzigo.

Tuanze na vipimo. Kasi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali uzito wa majalada ya kompyuta hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni sawa na megabiti 8. Tuseme Katibu anatuma taarifa iliyopigwa picha za rangi, yenye megabaiti 40, kwa kasi ya megabiti 2. Hizo ni megabiti 320, nazo zitachukua sekunde 160. Kasi ikiongezwa maradufu zitachukua sekunde 80. Akituma taarifa kama hiyo mara tano kwa juma, chama kitakuwa kimeokoa muda usiotimia dakika 7. Taarifa hiyo hiyo ikipigwa picha nyeusi na nyeupe, ikashuka hadi megabaiti 4, itakwenda kwa sekunde 16 katika kasi ya zamani, bila ya kuongeza hata senti moja.

Muuzaji pia aulizwe kama kasi anayoitaja ni ya kupokea au ya kutuma. Mara nyingi kasi ya kutuma huwa ndogo zaidi, na kazi kubwa ya ofisi ya chama ni kutuma.

Jambo la pili ni kuitambua kasoro yenyewe. Katika ukaguzi wangu nimekuta ofisi ambayo ruta imefungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na daftari la wanachama. Hapo tatizo si kasi. Wenzetu wengi hutumia intaneti ya mnara wa simu, na mnara ni kama kisima cha kijiji: wateka maji wakiwa wengi jioni, kila mmoja hungoja. Basi pimeni asubuhi, mchana na usiku kwa siku saba, mkiandika. Tena yako mambo yaliyo mbali na uwezo wa mnara wowote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Aliyelipia kasi kubwa naye aliathirika.

Kwa maoni yangu, chama chenye kompyuta moja kinahitaji uthabiti kuliko kasi. Orodha ya malipo ya wakulima ni herufi na tarakimu tu, mzigo mwepesi. Hasara huja mawasiliano yanapokatika siku ya mnada. Laini ya pili ya kampuni nyingine, na betri ya kuiwasha ruta umeme unapokatika, zitakifaa chama zaidi. Kasi kubwa inastahili fedha pale watumishi watatu au wanne wanapofanya kazi kwa wakati mmoja, na vipimo vikionyesha kuwa wanakwamishana.

Kwa mwanachama nyumbani, somo la video la kawaida huhitaji takriban megabiti 1 hadi 2. Ajihadhari: mwenye bando la kipimo akipata kasi zaidi, video hujiongezea ubora na bando huisha mapema.

Gharama hii ni ya kila mwezi, hivyo iingizwe katika makisio yatakayopelekwa kwenye Mkutano Mkuu, ikizidishwa mara 12.

Zoezi la kikundi: Chukueni taarifa tatu za mwisho zilizotumwa na chama chenu. Kila moja ilikuwa na megabaiti ngapi, na ilichelewa kwa sababu gani?