Kivuli Kwanza, Maua Baadaye

SWALI: Ua wangu hapa Ruangwa ni mchanga mtupu unaofagiliwa kila asubuhi. Nitaugeuzaje bustani ya kupumzikia?

JIBU: Anza na kivuli. Ruangwa na Nachingwea zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu kinachounguza maua ya kwenye makopo. Udongo usiofunikwa ndio kiini cha tatizo. Historia inaonyesha hivyo: mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947 na kufa 1951 uliifikia hata Nachingwea, na kwenye mashamba yake ya Kongwa ardhi iliyong'olewa miti ilikauka ikawa ngumu kama saruji. Ufagio wa kila siku nao huondoa majani ambayo yangeulinda udongo wako. Kwa hiyo panda mpera au mlimau mvua zinapoanza, utandaze majani makavu shinani, kisha weka mkeka na mchaichai pembeni. Mkorosho uache shambani; matawi yake hutanda mno.

Utasema majani huleta nyoka. Hofu hiyo ni ya haki, lakini nyoka hupenda marundo na vichaka vilivyosongamana, basi pogoa matawi ya chini na uache ukanda safi kando ya ukuta. Na maji ya kiangazi? Zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi karibu na mche, mdomo tu ukionekana, uujaze na kuufunika. Maji yatapenya taratibu kwenye kuta zake hadi mizizini, bila kupotea juani.