Kabla ya Kukubali Waya wa Ubongo: Mwongozo kwa Familia za Kampemba, Lubumbashi

Ataksia ya kurithi humfanya mtu ayumbe, ulimi uwe mzito, na majirani wadhani amelewa. Watafiti wanajaribu kuituliza kwa umeme: waya mwembamba huingizwa hadi ubongo mdogo, betri ikalazwa chini ya mtulinga. Ndugu yako akialikwa kwenye jaribio la namna hiyo, pitieni hatua hizi.

1. Andikeni ukoo, kuanzia kwa nkambo wa pande zote mbili. Tieni alama kwa kila aliyeyumba, umri alioanzia, na kama macho yalififia. Aina ya 7 ya ataksia hii (SCA7) hupofusha. Ugonjwa ukishuka kila kizazi, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi.

2. Mwoneni daktari wa mishipa ya fahamu, mkiwa na video ya simu: mgonjwa atembee kando ya ukuta, ageuke, kisha apige hatua za kisigino kugusa vidole. Ombeni vitamini E ipimwe. Ipo ataksia ya kurithi inayoletwa na upungufu wake, na hiyo hutibiwa kwa vidonge. Kutoboa fuvu la mtu wa vidonge ni aibu.

3. Ulizeni jaribio linapima nini. Daktari Benabid alianza kuweka waya wa ubongo kwa wagonjwa wa kutetemeka huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, na leo njia hiyo ni tiba ya kawaida ya ugonjwa wa Parkinson. Kwa ataksia bado ni majaribio. Ndiyo maana mashine huwashwa kipindi kimoja, ikazimwa kingine, bila mgonjwa wala mpimaji kujua, huku alama zikihesabiwa kwa kipimo cha SARA: 0 ni mzima, 40 ni hali mbaya kabisa. Hata umeme ukisaidia, jeni haiponi. Mkidaiwa pesa za kuingia, ondokeni.

4. Hapa ndipo wengi hunyamaza: betri. Isiyochajiwa huhitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Nani atalipa, na wapi? Ya kuchaji itategemea umeme wa shirika la SNEL, na mnajua unavyokatika. Nani atarekebisha mashine watafiti wakishaondoka? Kama ndugu yenu ni fundi wa kuchomelea vyuma, aulize kabla ya upasuaji, kwani uchomeleaji wa umeme unaweza kuivuruga.

5. Wakati mnasubiri, mazoezi ya viungo yaendelee. Akishawekewa waya, mashine za kupasha mwili joto kwa mawimbi, hata kwenye chumba cha mazoezi hayo, ni marufuku, kwani zinaweza kuunguza ubongo. Andikeni onyo hilo kwa Kifaransa kwenye kadi, na asitoke nyumbani bila hiyo kadi.