Kazi ya Kapasita Katika Redio

Fundi wa redio wa Kariobangi au Gikomba, mjini Nairobi, huletewa mara kwa mara malalamiko ya namna mbili. Mteja wa kwanza husema kwamba redio yake yanguruma kama nyuki mzingani, hata kabla mtangazaji hajasema neno. Wa pili husema kwamba spika yake mpya imeungua, na ile ya kabla yake iliungua vile vile. Hitilafu hizi hazifanani, lakini mara nyingi asili yake ni chombo kimoja kidogo kiitwacho kapasita.

Kapasita ni sahani mbili za madini zilizotengwa na kitu kisichopitisha umeme. Umeme ukiletwa, chaji hulimbikizwa katika sahani hizo, na wakati wa haja hutolewa tena. Uwezo wake hupimwa kwa faradi, jina lililotokana na Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza (1791–1867). Faradi moja ni kubwa mno kwa redio, basi mafundi huhesabu kwa mikrofaradi, yaani sehemu moja ya milioni.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde. Redio haiwezi kuutumia hivyo. Transfoma huupunguza, na daiodi huulazimisha kwenda upande mmoja. Lakini umeme utokao katika daiodi nne haujatulia bado: hupanda na kushuka mara 100 kwa kila sekunde. Hapo mwishoni ndipo iwekwapo kapasita kubwa. Wakaaji wa Umoja na Buruburu hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, maana maji ya bomba huwajia kwa zamu, nao hujaza tangi ili wasikose maji siku bomba lifungwapo. Kapasita hufanya vivyo hivyo, ila zamu zake ni za sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa redio itumiayo ampea 0.2, kapasita ya mikrofaradi 1,000 haiachi umeme ushuke zaidi ya volti 2 kabla ya kujazwa tena. Dawa iliyomo ndani ikikauka, na uwezo ukabaki mikrofaradi 100 tu, umeme huanguka kabisa kati ya zamu na zamu; huo ndio mngurumo usikikao. Joto ndilo likaushalo dawa hiyo. Kwa hiyo kapasita kuukuu iliyong'olewa katika televisheni mbovu, ingawa bei yake ni rahisi, ni hasara tupu.

Kazi ya pili ni kwenye mlango wa spika. Katika redio nyingi ndogo zenye transista, waya wa kutolea sauti husimama katikati ya nguvu ya umeme: redio ikitumia volti 12, waya huo una volti 6 hata pasipo sauti. Sauti ni mtikisiko tu juu ya volti hizo 6. Spika ya omu 8 ikifungwa moja kwa moja, ampea 0.75 hivi hupita ndani yake bila kukoma, na joto la wati 4 na nusu huunguza spika ndogo upesi. Kapasita iliyowekwa kati yao huzuia umeme uliosimama na kupitisha mtikisiko. Ni kama ngoma yenye ngozi pande mbili: ukipigwa upande mmoja, wa pili hutetemeka, lakini upepo haupenyi.

Ukubwa wake nao una maana. Kwa spika ya omu 8, mikrofaradi 1,000 hupitisha vizuri hata sauti nzito za mitikisiko 20 kwa sekunde. Kwa mikrofaradi 100, sauti zilizo chini ya mitikisiko 200 hufifia, na gitaa la besi hupotea. Upande wa chanya sharti uelekee transista.

Si kila chombo kina kapasita hiyo. Redio nyingi za magari, zikiwamo za matatu za Eastlands, hutumia vikuza sauti viwili kwa spika moja. Waya zote mbili husimama katika volti sawa, basi hakuna umeme uliosimama upitao katikati. Lakini fundi akifunga waya mmoja kwenye bodi ya gari, kama ilivyokuwa desturi katika redio za zamani, huharibu chombo kizima.

Kupima si kazi ngumu. Redio ikiwa imewashwa na sauti imepunguzwa kabisa, mita ya volti huwekwa kwenye ncha mbili za spika. Ikionyesha sifuri, kapasita yazuia vema. Ikionyesha volti kadhaa, imetoboka, na kuweka spika nyingine kabla ya kuibadili ni kuiunguza nayo.

Lipo jambo moja la kuogopwa. Televisheni na chaja za siku hizi huwa na kapasita upande wa umeme wa nyumbani, yenye volti zipatazo 340, nayo huweza kuzishika hata baada ya waya kung'olewa ukutani. Mwanagenzi aigusaye kwa kidole aweza kufa. Wengine huipitishia bisibisi, cheche zikaruka na ncha ikayeyuka. Njia iliyo bora ni kuunganisha rezista ya omu 2,000 na wati 5, waya zake zikiwa zimefunikwa, kwa sekunde chache, kisha kupima kwa mita. Ikionyesha sifuri, kazi na ianze.