Mpeni Kijana Kitabu Mlichokwisha Kukisoma

Kijana aingiapo maktaba na kuuliza, "Nisome nini?", ameuliza jambo kubwa kuliko anavyodhani. Ni kama ameuliza, "Nifuatane na nani?" Maana riwaya ni rafiki wa faragha: hukaa na msomaji usiku, humwonyesha watu asiowajua, na humzoeza kupenda mambo fulani na kuyachukia mengine. Swali hilo lataka jibu la mtu mzima. Asipolipata kwetu atalipata penginepo, na siku hizi penginepo pamo mfukoni mwake, ndani ya simu.

Wako wazazi wema wasemao kwamba riwaya ni kupoteza wakati, na kwamba vitabu vya shule na vya sala vyatosha. Twaiheshimu nia yao, lakini Kanisa halikufundisha hivyo. Katika karne ya 4, Mt. Basili Mkuu aliwaandikia vijana juu ya vitabu vya Wayunani wapagani. Hakuwakataza kuvisoma. Aliwataka waige nyuki, ambaye hatui juu ya kila ua, wala halibebi ua zima, bali huchukua kimfaacho na kuacha kilichobaki. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya fasihi katika malezi, alisimulia jinsi alivyofundisha fasihi kwenye shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965. Wanafunzi hawakukipenda kitabu cha kale walichopangiwa. Basi akawaachia wakisome nyumbani, na darasani akazungumza nao juu ya waandishi waliowapenda wenyewe. Hakuidharau hamu yao. Alianzia hapo kuwaongoza.

Wengine watatukumbusha Mt. Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 mguu wake ulivunjwa na risasi ya mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wapanda farasi. Hazikuwamo nyumbani, akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, na moyo wake ukaanza kugeuka. Habari hiyo ni ya kweli, nasi twaipenda. Lakini tuangalie neno moja ndani yake: alisoma kilichokuwamo nyumbani. Je, nyumbani mwetu kimo nini? Na lile kabati la vitabu la parokia, ufunguo wake anao nani?

Tangu mwaka 1559 Kanisa lilikuwa na orodha rasmi ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1966 orodha hiyo iliondolewa nguvu ya sheria, lakini wajibu wa dhamiri haukuondolewa. Kazi ya kupambanua ilirudi kwa msomaji mwenyewe na kwa wale wamleao.

Basi tutaje vitabu vichache vya Kiswahili. Kwa kijana wa miaka 13 au 14, twasifu Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Adili alitoswa baharini na ndugu zake kwa ajili ya wivu. Ndugu hao waligeuzwa manyani, naye akaamriwa kuwapiga kila usiku, adhabu iliyomwumiza yeye mpigaji. Kijana aliyegombana na ndugu yake ataelewa upesi kwa nini hadithi hiyo haiwezi kukoma mpaka msamaha upatikane.

Mwenye kupenda mafumbo apewe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Wengine wanapokuwa tayari kuamini kwamba mauaji ni kazi ya mzimu, Bwana Msa hutazama, huuliza, na hupima. Katika nchi ambamo wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, si jambo dogo kijana kujifunza kudai ushahidi kabla ya kumhukumu mtu.

Na yule aliyekua bila baba asome Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, ambamo kijana aliyefiwa na mama yake huko Tanga anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua.

Kipo kitabu kingine ambacho wazazi hubishana juu yake: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi. Kilitoka mwaka 1971, kikazuiliwa shuleni, kisha baadaye kikaruhusiwa. Jina lake latoka katika Litania ya Bikira Maria, lakini mambo yake ni mazito: binti anapotoka, na mwishowe anajiua. Hatumpi mtoto wa miaka 13 kitabu hicho. Lakini tusisahau ubaya waanzia wapi. Waanzia kwa baba mlevi ampigaye binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, asimfundishe lolote. Kwa hiyo twasema: kijana wa miaka 17 au 18 aweza kukisoma, lakini baba yake akisome kwanza.

Hapo ndipo ilipo kanuni yetu, nayo ina sehemu tatu. Kwanza, usimsifie kijana kitabu usichokisoma, wala usimkataze kitabu usichokisoma. Pili, mjue msomaji wako, kwa maana kitabu kiwafaacho wengi chaweza kumdhuru mmoja mwenye jeraha usilolijua. Tatu, akimaliza, muulize: Nani ulimpenda? Nani ulimwonea huruma? Ungekuwa yeye, ungefanya nini? Kisha nyamaza, umsikilize. Mengi ambayo kijana hathubutu kuyasema juu ya nafsi yake, atayasema juu ya mtu wa hadithini.

Enyi wazazi, hatuwaombi fedha nyingi. Kitabu kimoja chaweza kusomwa na nyumba nzima, na maktaba za umma zipo. Twawaomba saa chache za jioni, ili binti au mwana wenu atakapouliza asome nini, msimwonyeshe kabati tu, bali mumpe kitabu mkononi na kumwambia: "Hiki nimekisoma. Ukimaliza, njoo tuzungumze."