Ukishavuka Rusumo, Anza Kutazama Kushoto

Wengi wenu mnaoishi karibu na mipaka yetu huvuka kwenda sokoni upande wa pili na kurejea siku hiyohiyo. Fedha hubadilishwa, vitambulisho huonyeshwa, na hakuna asahauye hayo. Lisilokumbukwa ni kwamba barabara nayo hubadilika. Nchini Tanzania na Uganda magari hupita upande wa kushoto. Nchini Rwanda, kama ilivyo Burundi na Kongo, hupita upande wa kulia. Atokaye Goma kuingia Rubavu hana la kujifunza upya. Lakini aingiaye kutoka Ngara kupitia Rusumo, au kutoka Uganda kupitia Gatuna, Kagitumba au Cyanika, huja na mazoea yawezayo kumponza.

Tuyachunguze mazoea hayo. Mtu aliyekulia Ngara, asimamapo ukingoni mwa barabara, shingo yake hugeuka kulia kwanza, kwa kuwa huko ndiko litokako gari la karibu naye. Na afanye vivyo hivyo pale Nyakarambi, wilayani Kirehe. Atatazama kulia, ataona kweupe, ataweka mguu barabarani. Kumbe lori limetokea kushoto na limekwisha kumfikia. Mtu huyo hatuwezi kumwita mzembe. Alitazama, ila alitazama kwa sheria ya nchi nyingine. Hivyo basi, huku kwetu ni kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena kabla ya kuinua mguu. Ukiwa Tanzania au Uganda, geuza utaratibu huo.

Kutembea kando ya barabara kuna kanuni iyo hiyo: pasipo na njia ya waenda kwa miguu, shika upande ambao magari yanakujia usoni. Kwetu upande huo ni wa kushoto.

Barabara itokayo Rusumo kupitia Kirehe, Ngoma na Kayonza hadi Kigali hubeba shehena nyingi za bandari ya Dar es Salaam, nayo hupita katikati ya makazi ya watu. Lori liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja tu kutambua kwamba mtu anavuka, mita hizo zimekwisha kabla hajakanyaga breki, na lori lililosheheni huhitaji mita nyingine nyingi ndipo lisimame. Kivuko chenye mistari myeupe kinakupa haki ya kupita, wala si ukuta. Ngoja gari lisimame kabisa, kisha chungulia kama nyuma yake hakuna pikipiki inayolipita.

Tena malori mengi ya Tanzania yana usukani kulia. Yakiwa kwetu, dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, na upande wake wa kushoto huona kwa shida. Mtoto apitaye karibu mno mbele ya lori lililosimama huenda asionekane kabisa na aliye juu kwenye kiti. Mshike mkono mtoto, mkapite mbali nalo.

Akina mama wenye mizigo kichwani wana taabu ambayo sisi waandishi wa mafunzo haya huisahau: shingo haigeuki. Basi mama ageuze mwili mzima, hata kama itamchukua muda, na wenye magari wamvumilie.

Madereva nao wana darasa lao. Kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, iliyoanzishwa na Polisi ya Taifa mwaka 2019, inawahusu wao pamoja na waenda kwa miguu.

Ajali ikitokea, usimburute majeruhi isipokuwa kama kuna moto au magari yanaendelea kupita juu ya mahali alipolala. Mtu mmoja asimame mbali kidogo kuyaonya magari yanayokuja, mwingine apige simu: 113 kwa polisi wa ajali za barabarani, 912 kwa gari la wagonjwa. Taja jina la kituo cha biashara au shule iliyo karibu, na useme uko upande wa kwenda Kigali au wa kwenda mpakani.