Kuvizia Radi Pwani ya Valencia

Kiangazi kinapokwisha, watalii wengi huihama pwani ya Valencia, mashariki mwa Hispania. Wanaobaki hupata vyumba kwa bei nafuu, na angani kuna tamasha lisilo na kiingilio. Kuanzia Septemba hadi Novemba, bahari ya Mediterania bado imeshika joto la Agosti, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 27. Hewa baridi kutoka kaskazini ikija kutuama kilomita kadhaa juu yake, mvuke hupanda kwa kasi, wingu hufura, na radi huanza. Matone yanayorushwa juu huganda na kurudi chini yakiwa mawe ya barafu. Wakulima wa matunda ya kaki huko Ribera huijua vizuri hasara ya mawe hayo. Wengine hufunika miti kwa nyavu.

Jukwaa zuri ni rasi ya San Antonio, kati ya Dénia na Xàbia, takriban mita 160 juu ya maji. Usiku, umeme wa mawingu yaliyo mbali upande wa Ibiza huonekana waziwazi kabla ngurumo haijasikika. Ngurumo ikianza kusikika, mtazamaji hana tena kazi kwenye jabali lile tupu. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja: sekunde 30 kati ya mmweko na mshindo maana yake radi iko kilomita kumi, na hapo imeshakuwa karibu mno. Aingie ndani, na asitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Asiyetaka kupanda rasi achukue chumba cha ghorofa ya juu ufukweni Malvarrosa, chenye dirisha la mashariki. Picha hazitakuwa mbaya.

Lakini wageni hukodolea macho wingu na kusahau makorongo. Upepo wa kutoka baharini husukuma mvuke hadi kwenye vilima, mvua ikamwagika huko juu, na maji yakateremkia miji iliyo kwenye tambarare. Tarehe 29 Oktoba 2024, kituo cha Turís kilipima milimita 771 kwa siku moja, ilhali jiji la Valencia hupata takriban 450 kwa mwaka mzima. Paiporta, mji uliogawanywa na korongo la Poyo, ulifurika ingawa mvua iliyonyesha pale ilikuwa kidogo sana. Zaidi ya watu 220 walikufa mkoani, baadhi yao wakiwa wameshuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi kuokoa magari. Onyo jekundu la mamlaka ya hali ya hewa, AEMET, lilitoka asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu ulifika saa 2 na dakika 11 usiku, maji yakiwa yameshaingia majumbani.

Kwa hiyo simu isisubiriwe. Mgeni afungue ramani ya AEMET kila asubuhi, aangalie na wilaya za bara zilizo nyuma ya ufuo wake. Gari la kukodi liegeshwe juu ya ardhi, mbali na korongo, hata korongo hilo likionekana kavu kabisa, na mkataba usomwe kuona kama bima inalipia mabonyeo ya mvua ya mawe. Namba ya dharura ni 112. Kwenye ramani ya AEMET, rangi ya njano inaruhusu matembezi ya hadhari. Ya chungwa inataka mtu abaki karibu na hoteli. Nyekundu ikiwaka, safari ya barabarani iahirishwe, hata kama chumba cha mji unaofuata kimeshalipiwa.